Sindano ya Zizini

Tulimwacha Kyomugisha nje ya banda la ndama, jicho kwenye upenyo wa mbao, mkono juu ya tumbo lenye mimba ya miezi mitano. Ndani ya banda, mumewe Muhangi alikuwa ameshika bomba la sindano analodungia ng'ombe wake. Mbele yake aliinama mwanamume, suruali imeshuka magotini, mikono imekumbatia nguzo. Halafu mwanamume huyo akageuza uso.

Msomaji, alikuwa Ainebyona.

Ndiyo, Ainebyona, mdogo wake Muhangi. Bwana harusi wa Jumamosi.

Kyomugisha alisukuma mlango akaingia.

"Shemeji," Ainebyona alisema huku akipandisha suruali kwa haraka, "siku hizi hata hodi hakuna?"

"Tangu lini zizini kukabishwa hodi?"

"Basi angalau ungekohoa."

Muhangi hakucheka. Aliichomoa sindano kwenye bomba, akaitumbukiza kwenye kopo la maji ya moto, akaitoa na kuifuta kwa ncha ya shati. 

"Ana jipu," alisema.

"Liko wapi?"

"Mahali ambapo shemeji haonyeshwi."

"Baba Aine," alimwita mumewe kwa jina la binti yao, "nimesimama hapo nje tangu mnaanza kuongea. Nimemsikia akikwambia kidonda kina siku kadhaa na hakimuumi. Jipu gani hilo lisilouma?"

Ainebyona aliokota kofia yake kwenye majani. "Malizaneni nyie wenye ndoa," alisema. "Mimi yangu bado." Akatoka akichechemea mguu mmoja, ule uliodungwa.

Walibaki wawili, na ndama watatu waliokuwa wakilamba ukuta.

"Huyo anamwoa Joviness," Kyomugisha alisema. "Binti wa kaka yangu. Mimi ndiye niliyemleta msichana yule katika nyumba hii. Kaka yangu aliniuliza kama kijana ni mzima, nikasema ni mzima."

"Na Jumamosi atakuwa mzima. Kidonda kitakauka. Wote hukauka."

"Wote akina nani?"

Muhangi alitabasamu kidogo, na hapo ndipo Kyomugisha alipoogopa. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyesubiri kwa muda mrefu aulizwe jambo analolijua vizuri.

Alimweleza. Wachungaji wa mbuga nzima wanamjua. Vijana wa bodaboda wa Rubwera wanamjua. Mtu akipata kidonda, au akiona usaha anapokojoa, na akaona haya kwenda zahanati akutane na jirani yake kwenye benchi, anakuja zizini kwa Muhangi. Dawa ipo, sindano ipo, na ng'ombe hawasemi.

"Penisilini," alisema. "Ile ile ya hospitali. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

"Na wewe ulijidunga lini?"

Tabasamu lilikwisha.

"Nani kakwambia nilijidunga?"

"Nimetoka kliniki sasa hivi. Wamenipima damu. Nina kaswende."

Ndama mmoja alikohoa. Muhangi aliweka bomba juu ya ubao, polepole, kama yai.

"Umeitoa wapi?" aliuliza.

"Swali hilo nimekuletea wewe."

"Mimi nakuuliza wewe. Unakwenda Rubwera kila gulio. Unakwenda kwaya. Mimi nashinda na ng'ombe. Umeitoa wapi?"

Mwingine angelia hapo. Mwingine angemrushia kopo. Kyomugisha alikuwa amekwisha kulia njiani, juu ya pikipiki, upepo ukimkausha. Sasa alitaka jibu.

"Ulijidunga lini, Baba Aine?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

"Mwaka ule wa ukame. Nilipopeleka ng'ombe kwenye malisho ya mbali, nikakaa huko mpaka mvua."

"Ulirudi mvua za kwanza. Nikashika mimba. Tukaja kumzika yule mtoto nyuma ya migomba."

Muhangi alilishika bomba tena, akaliachia.

"Halafu na wa pili."

"Kilipona," Muhangi alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Kyomu, nakuapia. Nilijidunga kwenye paja hili, na kidonda kikapona, hakikuacha hata alama. Ningewezaje kujua?"

Na yeye, msomaji, alikuwa akisema kweli. Hilo ndilo lililomnyima Kyomugisha hata hasira ya kutosha.

Binti yao wa kwanza, Ainembabazi, alizaliwa kabla ya ukame, akalia mpaka majirani wakacheka. Wale wawili waliofuata hawakulia. Walitoka kimya, wakavikwa kimya, wakafukiwa. Mimba zile hazikuwahi kufika kliniki, kwa sababu katika nyumba hii mimba hufichwa hadi tumbo lijiseme lenyewe. Hii ya sasa Kyomugisha aliipeleka mapema kwa kuiba safari, akidanganya kwamba anakwenda kununua chumvi. Hakutaka mali wala sifa. Alitaka huyu alie.

"Nesi anataka uende," alisema. "Mimi nimedungwa leo. Nitadungwa tena wiki ijayo na ile nyingine. Lakini wewe usipotibiwa, unaweza kuniambukiza tena, na kazi yote ikawa bure."

"Mimi nikapange foleni na akina mama wajawazito? Watu wanione?"

"Wakuone."

"Dawa ninayo hapa. Nikijidunga tena kuna ubaya gani?"

"Una dawa ya ng'ombe."

"Na ng'ombe anapona. Mtu atashindwaje kupona?"

Sauti hiyo haikuwa ya Muhangi. Ilitoka mlangoni. Nyirabageni, mama yake Muhangi, alikuwa amesimama pale na kibuyu cha maziwa kwapani na fimbo mkononi, na kwa jinsi alivyosimama, hakuwa amefika sasa hivi.

 Tangu mtoto wa pili azikwe, mama mkwe huyu hakumwita tena kwa jina. Alikuwa akizunguka mbugani akiulizia msichana wa kumletea mwanawe, na wala hakuficha. Mwezi uliopita alisema mbele ya wageni kwamba kuna matumbo ya kuzaa na kuna matumbo ya kula tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe una ugonjwa."

"Ninao. Ninao kutoka kwa mwanao."

"Angalia mdomo wako."

"Mama, nakuuliza jambo moja la ng'ombe, maana ng'ombe unawajua kuliko sisi sote. Mwaka ule ambao ng'ombe wenu walitupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Baba alipokuwa hai. Mlifanya nini?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Nataka kujua tu. Mliwachinja majike?"

"Mwehu gani anachinja jike kwa kutupa mimba mara moja? Alikuja bwana mifugo, akatuuliza dume tumelitoa wapi. Tulikuwa tumeliazima. Tulilitoa zizini siku ile ile." Bibi alikuwa akisema kwa haraka, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Zizi likianza kutupa mimba, unaanza na dume. Kila mtu anajua, unaanza na..."

Sauti ikamkatika.

Alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, kuanzia miguuni kwenda juu, kama anavyotazamwa mnyama mnadani.

"Mama," Muhangi alisema.

"Nyamaza." Nyirabageni aliweka kibuyu chini. "Wajukuu wangu wawili. Nami nilikuwa nikimtukana huyu." Akagonga ardhi kwa fimbo. "Kesho asubuhi utavaa viatu, utakwenda kudungwa sindano ya watu. Nami nitakwenda pamoja nawe nikuone ukiingia. Na wewe, Mama Aine, leo unalala kwangu. Mlango wangu una komeo la ndani."

Kyomugisha hakuamini masikio yake. Alitaka kupiga magoti ashukuru, na magoti yalikuwa yameshaanza kukunjika, bibi alipoongeza neno.

"Lakini harusi haiguswi."

"Mama?"

"Nimemwona Ainebyona akitoka humu. Sijauliza na sitauliza. Mahari imekwenda, ng'ombe wako kijijini kwenu Ndama, wanakamuliwa na watu wengine. Padri ametangaza kanisani. Walipimwa Ukimwi, wote wawili wakaonekana wazima. Ukifungua mdomo kuhusu kidonda cha mwanangu, ukoo mzima utachekwa, na wewe utarudi Ndama kwa kaka yako na tumbo lako. Umenisikia?"

Kyomugisha alimtazama mumewe. Muhangi alikuwa akitazama kwato za ndama.

"Nimesikia," alisema.

Asubuhi walikwenda kwa pikipiki mbili hadi zahanati. Nesi Evelyn, yule aliyempima Kyomugisha jana, aliwapokea bila mshangao, kama watu waliokuja kupima uzito. Nyirabageni alibaki kwenye benchi la nje. Mume na mke wakaingia chumba cha ndani, chenye meza, kitanda chembamba na boksi la kondomu karibu na dirisha.

Evelyn alimtoboa Muhangi kidole, akaweka matone ya damu kwenye vipimo viwili. Wakati wa kusubiri, Muhangi alijitetea. Alieleza zizi lake, dawa yake, watu wake. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, na Evelyn alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hao wote kidonda kilikauka?" aliuliza.

"Wote."

"Kaka yangu, na wale ambao hawakuja kwako? Waliokaa nacho tu bila dawa yoyote?"

"Hao sijui."

"Chao pia kilikauka. Kidonda cha kaswende hukauka chenyewe. Hakiumi, kinakaa wiki chache, kinaondoka. Ugonjwa unabaki kwenye damu. Mtu anafurahi kwamba amepona, anarudi kwa mkewe."

Muhangi alijishika paja alilojidunga.

"Lakini ni penisilini," alisema baadaye.

"Hiyo yako imetengenezwa kwa uzito wa ng'ombe, na ndani imechanganywa na dawa nyingine ambayo inaweza kumharibu mtu masikio. Halafu hutoka mwilini mapema. Kaswende inataka penisilini inayokaa mwilini siku nyingi, ikitoka kidogo kidogo. Na wale wa usaha, huo mara nyingi ni kisonono, dawa zake ni nyingine kabisa. Ukiwapa dawa kidogo tena isiyofaa, usaha unapungua, mdudu anabaki na kuzoea dawa." Akamtazama mikono. "Sindano ulikuwa ukibadilisha?"

"Naisuuza kwa maji ya moto."

"Ni moja?"

"Ni moja. Nikipata nyingine naweka kwa ng'ombe."

 Evelyn alivitazama vipimo, akavitazama tena, kisha akavigeuza ili nao waone.

"Kaswende unayo. Virusi vya Ukimwi havijaonekana. Mke wako pia havikuonekana. Mshukuruni Mungu, halafu mrudi baada ya miezi mitatu tupime tena, kwa sababu sindano moja iliyopita kwa watu wengi hivyo inaweza kuwa imebeba mengi. Ukimwi, homa ya ini, hata hii kaswende yenyewe. Hao watu wanatakiwa waje wote. Na wake zao."

Muhangi alikuwa amekunja mikono yake katikati ya mapaja, mtu mrefu akajifanya mfupi. Kyomugisha aliona midomo yake ikicheza. Alikuwa akitaja majina, kimoyomoyo. Katika mbuga ile kila mtu anajua nani amezika kichanga mwaka huu na nani mwaka jana, na Muhangi, yule aliyejivunia kwamba hakuna aliyerudi kulalamika, alikuwa akikumbuka nyumba moja baada ya nyingine.

"Mke wa Rwegoshora," alisema ghafla. "Alizaa mfu. Mimi ndiye niliyebeba jembe."

Evelyn alisogeza kiti karibu.

"Yupo uliyemdunga karibuni?" Evelyn aliuliza. "Mwenye kidonda sasa hivi? Huyo ndiye anaambukiza kuliko wote. Huyo nisingependa alale na mtu hata usiku mmoja."

Muhangi alimtazama mkewe. Kyomugisha alitazama boksi la kondomu. Ukutani saa iliendelea kugonga.

"Hakuna," Muhangi alisema.

"Haya." Kama Evelyn alijua, hakuonyesha. Alimgeukia Kyomugisha. "Mama, mtoto wako analindwa na mambo mawili. Sindano zako uzimalize zote. Na mpaka nyote wawili mmalize dawa na niwaambie tayari, msilale pamoja. Mkishindwa, kondomu ni hizo, na kila mara, siyo leo ndiyo kesho hapana. Hata hapo hailindi sehemu yote, ndiyo maana nasema kwanza msilale."

"Na yeye akikataa dawa?"

"Akikataa, nitamsikitikia yeye. Wewe utafunga mlango. Mtoto hamtegemei yeye, anautegemea mlango wako."

Kyomugisha alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa mzigo wake mwenyewe.

"Sasa tupishe kidogo, mumeo avue mkanda. Nachanganya dawa. Baba, ulipojidunga ile ya ng'ombe uliwahi kutoka vipele au kubanwa kifua?"

Mlango ukafungwa nyuma yake.

Nje, pikipiki ilikuwa ikigeuza. Aliyeshuka alikuwa msichana mwenye kitenge kipya na kapu la mkononi. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akampigia magoti Nyirabageni, akamwamkia, kisha akageuka, uso umejaa furaha.

"Shangazi, nimefika kwako nikaambiwa uko huku. Nikasema sisubiri."

Alikuwa Joviness.

"Umetoka Ndama asubuhi yote hii?" Kyomugisha aliuliza.

"Mama kanituma. Amesema zimebaki siku chache na shangazi hajanifunza kitu. Amesema nisiporudi na mafunzo, nisirudi."

Kwa watu wao, binti hafundwi na mama yake. Anafundwa na shangazi, dada wa baba yake. Shangazi ndiye humwambia namna ya kukaa na mume, na ndiye humhakikishia kwamba kitanda anachokwenda kulala hakina miiba. Akinyamaza shangazi, hakuna mwingine mwenye haki ya kusema.

"Mafunzo gani hospitalini?" Nyirabageni alisema kwa upole wa kutisha. "Shangazi yako amechoka. Atakufunza Ijumaa jioni, nyumbani, wanawake wakiwepo."

"Ndiyo, bibi. Lakini nimeshakuja."

"Nimesema Ijumaa."

Kyomugisha alikaa kati yao. Kulia alikuwa na fimbo ya mama mkwe, imelazwa kwenye magoti. Nyuma yake, ndani ya chumba, alisikia kichupa cha dawa kikitikiswa. Muhangi alikuwa bado hajadungwa. Akitamka neno moja, mama yake angemtoa humo ndani kabla sindano haijamgusa, nayo nyumba ingemfungia yeye nje.

Aliweka mkono tumboni. Mtoto alicheza, mara moja, kama mtu anayejigeuza usingizini. Huyu alikuwa na mlango wake, na ufunguo wa mlango huo haukuwa mikononi mwa Muhangi. Na wa Joviness je, nani angemfungia mlango?

"Kaa hapa karibu," alimwambia msichana.

"Mama Aine," Nyirabageni alisema.

"Funzo la kwanza, Joviness. Ainebyona ana kaswende. Ana kidonda sasa hivi, na nilichokiona jana akidungwa siyo dawa ya kumponya. Usilale naye mpaka nesi wa humu ndani aseme amepona. Nililala bila kujua, nikazika wawili."

Nyirabageni alisimama. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mlango wa chumba, akagonga kwa kichwa cha fimbo.

"Muhangi. Vaa mkanda wako utoke. Tunarudi nyumbani, na huyu anarudi kwao."

"Nachanganya bado, mama, tulia kidogo," sauti ya Evelyn ilijibu.

"Nimesema toka."

Joviness hakuwa amesogea. Kapu lilikuwa bado mkononi. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake hakukuwa na mshangao. Kulikuwa na hesabu.

"Shangazi," alinong'ona.

"Sema, mwanangu."

"Umechelewa. Hatukungoja Jumamosi." Aliushika mkono wa Kyomugisha, akauvuta, akauweka juu ya kitenge chake kipya, chini ya kitovu. "Hata mama hajui. Ainebyona anajua."

Fimbo ya Nyirabageni ilikuwa hewani, tayari kugonga tena. Ikabaki hapo hapo. Bibi aligeuza kichwa, akalitazama tumbo la Kyomugisha, kisha tumbo la msichana, kisha akarudi kwenye la Kyomugisha.

Mlango ukafunguliwa. Muhangi alisimama kizingitini, mkanda mkononi, bado hajadungwa. Alimtazama mama yake, akingoja aambiwe aende wapi.